Eka tatu kati ya bonde na mawe: zinafaa zao gani?

Swali la msomaji: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimerithi kwa marehemu baba eka tatu upande wa mashariki wa Unguja, kati ya bonde la Cheju na Charawe. Kipande kimoja ni kinongo chekundu, kingine ni udongo mweusi unaotuamisha maji wakati wa masika, na kilichobaki ni maweni, ambako wazee walikuwa wakipanda mtama na kunde. Kuna kisima cha zamani ambacho maji yake yana ladha ya chumvi. Sitaki kujenga nyumba za kupangisha, nataka kulima chakula: mahindi, migomba na muhogo. Jamaa yangu ananihimiza niite trekta lilime pote kabla ya masika. Nitajuaje kama ardhi hii inafaa?

Jibu:

Waalaykum salaam, mwalimu. Trekta lisubiri kwanza. Huo ndio ushauri wangu wa mwanzo, na hata ukiacha mengine yote nitakayosema, huo ushike. Kwenye kinamo (huo udongo wako mweusi) trekta likiingia siku mbaya linafinyanga udongo kama tofali. Kwenye maweni linavunja majembe yake na kupindua juu kifusi cha chokaa. Pa kulilimisha kwa usalama ni sehemu moja tu kati ya tatu ulizonazo, na mpaka wa sehemu hiyo bado hatujaujua.

Umeuliza kama ardhi inafaa. Neno hilo halikamiliki mpaka useme inafaa zao gani, kwa maji yapi, na kwa nguvu za nani. Ardhi inayozamisha mahindi ndiyo inayoulea mpunga. Mwaka 1976 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mfumo ambao wapimaji ardhi tunautumia hadi leo. Kila kipande hupewa daraja kwa kila zao peke yake: S1 kinafaa sana, S2 kinafaa kwa wastani, S3 kinafaa kwa shida, na N hakifai. N yenyewe ina matabaka mawili, la kutofaa kwa sasa na la kutofaa moja kwa moja. Kwa hiyo eka zako tatu hazitapata jibu moja. Zitapata majibu kumi au zaidi, na mengine yatakuwa mazuri kuliko unavyotarajia.

Katika kutoa daraja, sifa nzuri hazifidii mbaya. Ndoo yenye matundu hujaa hadi kwenye tundu la chini kabisa, hata ukiimwagia maji kutwa. Udongo ukiwa na rutuba nzuri, mvua nzuri na mteremko mzuri, lakini jiwe liko sentimita 15 chini, daraja lake kwa mahindi ni la jiwe. Wengi wetu tunakosea hapa: tunajumlisha mema na mabaya, tunatoa wastani, tunapanda.

Sasa tuangalie kisiwa chenyewe. Unguja ina sura mbili. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo wa kina, ndiko kwenye minazi, mifenesi, migomba na miembe mikubwa. Mashariki na kusini jiwe la matumbawe ya kale liko juu, na udongo ni mchache, umejificha kwenye mianya na vishimo vya jiwe. Mvua nayo inafuata njia hiyo hiyo. Magharibi hupata kama milimita 1,600 kwa mwaka, na kadiri unavyokwenda mashariki zinapungua. Shamba lako liko kwenye mshono wa sura hizo mbili, ndiyo maana una vitu vitatu kwenye eka tatu. Mahali pa namna hii ramani ya kisiwa haikusaidii sana, kwa sababu mpaka unapita katikati ya shamba, tena haupiti kwa mstari ulionyooka.

Anza kwa kutembea. Tembea mara mbili, siku moja mvua ikiwa imenyesha na siku nyingine ardhi ikiwa kavu. Angalia miti inasema nini. Mwembe mkubwa, mfenesi au mzambarau uliokomaa haukui mahali pasipo na kina cha udongo. Vichaka vya mdaa vilivyosongamana na mibuyu iliyokaa juu ya jiwe vinakuonya kwamba uko maweni. Ndago zilizotanda na majani mabichi mwezi wa Septemba, wakati pengine pote pamekauka, zinaonyesha unyevu ulio karibu. Waulize majirani maji hufika wapi mwaka wa masika makubwa, na hukaa siku ngapi. Wao wanayo kumbukumbu ambayo hakuna chombo changu kinachoweza kuipata.

Kisha tafuta nondo. Kata nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na robo, ichonge ncha, na itie alama kila sentimita 10 kwa rangi. Eka moja ikiwa mraba ina upande wa kama mita 64. Ukichoma nondo kila baada ya hatua kumi utapata pointi kama sitini kwa eka. Ifanye kazi hiyo udongo ukiwa na unyevu, na kila nondo inapogonga, ichome tena shubiri moja pembeni, maana pengine umegonga kijiwe tu na si mwamba. Andika kina kwenye karatasi ya miraba. Vijana wawili watamaliza eka zako kwa siku mbili au tatu. Ukiunganisha pointi zenye kina kinacholingana, utaona ramani ambayo hata ofisi kubwa haina.

Nasisitiza pointi sitini kwa sababu ya kosa nililofanya mwenyewe. Nikiwa mchanga katika kazi hii, niliitwa mwezi wa Mei kuangalia shamba kusini mwa Unguja. Kila kitu kilikuwa kijani. Nilichimba shimo moja, likaenda chini mita nzima katika udongo mwekundu laini, nikaandika kwamba migomba itakubali. Mwenye shamba, mama mwenye umri wa mama yangu, alitumia akiba yake kununua machipukizi. Nilipopita Februari iliyofuata, migomba ilikuwa imesimama kama magunzi yaliyochomwa. Shimo langu liliangukia kwenye kishimo kimoja cha udongo, na pembeni yake hatua tatu jiwe lilikuwa kwenye sentimita 25. Yule mama hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililonikaa moyoni hadi leo.

Kina ni jambo kubwa sana kisiwani, na sababu yake inaweza kuhesabiwa. Udongo ni tangi. Udongo wa tifutifu huhifadhi kama milimita 140 za maji yanayoweza kutumiwa na mimea kwa kila mita ya kina. Mchanga huhifadhi kama 60 tu, na udongo wa mfinyanzi unaweza kufika 200. Zao lililostawi katika jua letu la kaskazi hunywa kama milimita 5 kwa siku. Mahindi huanza kuumia maji ya tangi yanapofika nusu, hayangoji liishe. Sasa piga hesabu: kinongo cha mita moja kina milimita 140, nusu yake ni 70, nayo ni siku 14 bila mvua. Kinongo hicho hicho kikiwa cha sentimita 30 kina milimita 42, nusu yake 21, na mahindi yako yana siku nne. Siku nne! Katika masika mvua inaweza kukaa kimya wiki nzima katikati ya msimu, na hiyo wiki ikiangukia wakati mahindi yanatoa mbelewele, umevuna majani. Rutuba ni ile ile, mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile. Kilichotofautiana ni tangi.

Kwa hiyo kwenye ramani yako ya nondo piga mstari kwenye sentimita 50. Sehemu zilizozidi hapo zihesabu kuwa shamba la mahindi na migomba linalowezekana. Zilizo kati ya 25 na 50 ni za muhogo, mtama, kunde, choroko na mbaazi. Chini ya 25 ni kulima kwa kishimo kimoja kimoja, kwa mkono, au kuacha.

Baada ya nondo, chimba mashimo halisi, mawili kwenye kila aina ya udongo, yenye kina cha mita moja au mpaka jiwe. Tazama ukuta wa shimo. Kama kuna madoa ya kijivu na rangi ya kutu yaliyochanganyika, maji hutuama hapo kila mwaka hadi kiwango hicho, hata kama siku uliyochimba ni pakavu. Mizizi inaishia wapi? Inapopinda na kutambaa kando, kuna kitu kimeizuia. Chukua udongo mkononi, ulowanishe, ujaribu kuuviringisha kuwa kamba nyembamba kisha uuminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Usioweza kufanya hata tonge ni mchanga. Unaotoa utepe mrefu kuliko sentimita tano ni mfinyanzi mzito. Halafu mwagia siki kwenye tonge kavu. Ukisikia mchichiriko na kuona povu, kuna chokaa ya kutosha ndani ya udongo.

Chokaa hiyo ni tundu la pili la ndoo yako. Huko bara wakulima wengi wanahangaika na tindikali ya udongo, na washauri wanawaambia wamwage chokaa. Vitabu vingi na video nyingi za kilimo zimetoka huko. Usiwafuate katika hili. Udongo ulio juu ya matumbawe mara nyingi una pH (kipimo cha tindikali; namba ikipanda, tindikali inapungua) kati ya 7.5 na 8.3, na chokaa zaidi ni kuongeza maradhi. Katika pH hiyo chuma na zinki vimo udongoni lakini mmea hauvipati. Utaona majani machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Karanga huonyesha dalili hiyo mapema kuliko mazao mengi, na mimi hupenda kupanda mstari mmoja wa karanga kama mjumbe kabla ya kuamua. Fosforasi nayo hufungwa na chokaa. Mbolea ya urea ukiimwaga juu ya udongo wa namna hii na kuiacha, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani kama hewa ya amonia, harufu unaisikia mwenyewe. Ifukie sentimita 5 hadi 10 au iweke mvua ikikaribia.

Na ile desturi ya kuchoma kichaka? Jivu lina potasiamu, lakini linapandisha pH pale ilipokwisha kuwa juu, na moto unakula mboji ambayo maweni hayana nyingine. Wazee walichoma, ndiyo, lakini walipalima mwaka mmoja au miwili kisha wakapaacha pakapumzika miaka mingi. Sisi tumebaki na moto, mapumziko tumeyafuta. Kwenye eka tatu huna nafasi ya kupumzisha namna hiyo, kwa hiyo usichome. Fyeka, kata vipande, tandaza juu ya udongo.

Peleka sampuli maabara. Kwa kila aina ya udongo, chukua vijiko vya udongo kutoka pointi 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, kausha kivulini. Usitumie mfuko uliobeba mbolea. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar iko Kizimbani, si mbali nawe, na ndiko pa kuulizia kwanza. Bara kuna kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) cha Mlingano mkoani Tanga, ambacho kazi yake kubwa ni udongo, na maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Omba wapime pH, mboji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chumvi na kiasi cha chokaa. Waambie mapema kwamba udongo wako una chokaa, ili fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen. Njia nyingine inayotumika sana, ya Bray, imetengenezwa kwa udongo wenye tindikali, na kwenye chokaa inatoa takwimu za kupotosha.

Sasa kisima, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wa visiwani wanapoharibu kitu kisichorudi haraka. Maji matamu chini ya kisiwa cha matumbawe hayakai kwenye mto wa chini ya ardhi kama wengi wanavyodhani. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ndani ya jiwe, kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama utajiri, lakini hesabu inakwenda pande zote mbili: ukivuta kwa pampu mpaka usawa wa maji ukashuka sentimita 10 tu, chumvi chini yake ina nafasi ya kupanda mita nne. Kisima chako tayari kina ladha ya chumvi. Ukikifungia pampu kubwa ili umwagilie migomba eka nzima, mwaka wa kwanza utafurahi, na mwaka wa pili utakuwa umewaharibia hata majirani wanaochota kwa ndoo.

Pima kwanza. Kuna vijipimo vidogo kama kalamu vinavyopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme. Namba zinaweza kuja kwa desisimensi kwa mita au mikrosimensi kwa sentimita, 0.7 ya kwanza ni sawa na 700 ya pili. Kwa mwongozo wa FAO, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana tatizo kwa kumwagilia, kati ya 0.7 na 3.0 yanataka uangalifu unaozidi kadiri namba inavyopanda, na zaidi ya 3.0 ni ya kuyaacha isipokuwa kwa mazao machache mno. Mazao hayafanani. Maharage huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikifika 1.0, mahindi 1.7, mpunga 3.0, kunde 4.9, na mtama huvumilia hadi 6.8. Ona basi wazee wako walivyochagua mtama na kunde kwa kisima kile na jiwe lile. Hawakuwa na kijipimo, lakini hawakukosea.

Usipime mara moja. Karibu na pwani kisima hupumua pamoja na bahari, hivyo pima maji yakijaa na yakipwa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Kipimo kilicho kizito kuliko vyote ni cha mwisho wa kaskazi, Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla mvua ya kwanza haijagusa ardhi. Namba ya siku hiyo ndiyo utakayoipangia shamba. Na ukifikiria kuchimba kisima kipya, uliza kwanza Mamlaka ya Maji Zanzibar kuhusu kibali. Visima viwili vifupi vinavyotoa kidogo kidogo ni bora kuliko kimoja kirefu chenye pampu ya nguvu, kwa sababu kirefu kinakwenda kuikuta bahari.

Nikikutolea daraja za awali kwa ulichonieleza, bila kuiona ardhi, zingekuwa hivi. Kinamo chako ni shamba la mpunga. Hukuutaja mpunga kabisa, na mimi naona ndio zao lako bora. Bonde la Cheju linalimwa mpunga kwa sababu hiyo hiyo: udongo mzito unaoshika maji. Mahindi hapo ni N wakati wa masika, yataoza mizizi. Muhogo pia ni N, hauvumilii maji yaliyosimama. Mpunga naupa S2 kwa kutegemea mvua, na unaweza kupanda daraja ukitengeneza majaruba yaliyosawazishwa vizuri yenye kingo za kushika maji. Mbegu ya SARO 5 wakulima wengi wanaijua. Kazi ya kinamo ni kukijulia wakati: kikikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, kikilowana hukushika mguu, na kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu ambazo jembe linakwenda. Hizo ndizo siku za trekta, kama ni lazima liitwe. Mvua zikiondoka, kingo za kinamo zinaweza kubeba viazi vitamu juu ya matuta, vikitumia unyevu uliobaki.

Kinongo chenye kina cha zaidi ya nusu mita ni S2 kwa mahindi ya masika. Mahindi yanataka milimita 500 hadi 800 katika msimu wake, na masika ya upande wako kwa kawaida yanaweza kuyatoa. Kwa vuli siyaamini, vuli ya mashariki ni ya kubahatisha, ningepanda kunde au choroko. Migomba inataka milimita 1,200 hadi 2,200 kwa mwaka, tena iliyosambaa, na Januari na Februari zako zina mvua haba. Naipa S3. Usiweke shamba la migomba, weka mashina ishirini au thelathini, pale nondo ilipozama yote, ukiyatandazia majani mazito kwenye shina na kuyaelekezea maji ya kuogea na kufulia, mradi hayana sabuni nyingi. Chumvi ya kisima chako migomba haiipendi.

Muhogo ni rafiki wa kinongo na hata wa kina cha kati. Unastahimili ukame kwa kudondosha majani na kungoja. Adui yake hapa kwetu si udongo, ni batobato na michirizi kahawia, kwa hiyo usiombe vipando kwa jirani kwa sababu tu vinaonekana vimenawiri. Ulizia mbegu zilizotolewa Zanzibar kwa kustahimili maradhi hayo, kama Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama.

Maweni ni N kwa trekta, na N kwa mahindi. Kwa mkono ni S3 kwa mtama, kunde, mbaazi, viazi vikuu kwenye vishimo vilivyo virefu, na mipapai. Ningepalima nusu tu, nikiacha kichaka kilichobaki kiwe ukingo wa upepo wa kusi na chanzo cha majani ya kutandaza. Mawe utakayoyaokota yapange yawe ukuta, kama wanavyofanya watu wa Makunduchi na Jambiani kuzungushia mashamba yao. Karibu nawe, huko Charawe, wapo kina mama wanaolima mwani. Takataka za mwani zinazotupwa na bahari ni mboji nzuri ya maweni, ila zirundike masika yote zioshwe chumvi kwanza.

Yapo mambo ambayo nondo haiyaoni. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ni jirani yenu, na kima hawajui mpaka. Mahindi na mipapai iliyo ukingoni mwa msitu itapungua kabla hujaionja, wakati muhogo na mbaazi huguswa zaidi au kidogo kutegemea msimu. Waulize majirani ni zao gani wanalazimika kulilinda, na nani atakesha shambani mwako, maana umesema umestaafu. Halafu mirathi: kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Kama kuna minazi au miembe ya shangazi au ami ndani ya eka hizo, kaeni, mwandikishane, kabla hujapanda cha kudumu.

Niruhusu neno moja nje ya swali. Umesema hutaki nyumba za kupangisha, na nilipolisoma hilo nilitulia kidogo. Udongo wa kina tulio nao Unguja uko zaidi magharibi, na mji unazidi kuufunika kwa saruji mwaka hadi mwaka, huku sehemu kubwa ya mchele tunaokula ikija kwa meli. Nyumba inaweza kusimama juu ya jiwe. Mpunga hauwezi. Kila kipande cha kinamo na kinongo kinachobaki mikononi mwa mtu anayetaka kukilima, mimi nakihesabu.

Mpango basi: nondo na ramani sasa hivi udongo ungali na unyevu wa vuli, mashimo na sampuli za maabara mwezi ujao, kisima mwisho wa kaskazi. Unapochota maji ya kupima, vuta kwanza ndoo kumi uzimwage, jaza chupa hadi mdomoni isibaki hewa, andika saa na hali ya bahari. Niletee karatasi ya miraba, majibu ya maabara na namba nne za kisima. Tukivipata kabla ya wiki ya kwanza ya Machi, tutachora majaruba ya mpunga pamoja, na mbegu ya mahindi itaingia kinongoni na mvua ya kwanza.